Tafakari ya wiki: Mtumishi aliyenuna kwenye banda la mbuzi

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika hii miguu bado inauma, na itabidi nianze na kuungama maana sioni pa kuanzia pengine.

Wiki iliyopita nilienda kujitolea kwenye maonyesho ya kilimo, siku tatu. Walikuja kuomba watu kanisani, mkono wangu ukawa wa kwanza kunyooka, na nawaambia ukweli ule mkono haukunyooka kwa ajili ya Bwana peke yake. Nilishajiona nimevaa beji, nimesimama mlango wa wageni rasmi, nawaonyesha wakubwa viti vyao, labda na picha mbili tatu za kutupia kwenye grupu. Asubuhi ya kwanza tukapangwa, wanasoma majina, huyu mapokezi, huyu jukwaani, huyu akae na maiki, mimi nikaambiwa "dada wewe nenda banda la mbuzi, angalia maji yasiishe na watoto wasiingize vidole." Nikakabidhiwa ndoo na kizibao cha riflekta kikubwa kama gunia.

Nikanuna. Ila si mnajua sisi watu wa kanisani tuna kununa kwetu, unatabasamu meno yote nje huku ndani unamhukumu aliyepanga ratiba. Nikabeba maji. Nikasema karibuni, karibuni, kwa sauti ya kitumishi kabisa. Nikajifariji kwamba Bwana anaona na atalipa, na kila spika za uwanjani zilipopiga muziki nilisikia kama nazomewa mimi.

Siku ya pili mchana, jua kali, watu wamepungua, mzee mmoja mwenye mbuzi wake wanne pale bandani akaniita. Alikuwa amekalia ndoo aliyoipindua. Akaniuliza, "Mwanangu, tangu jana unawanywesha hawa, umeshawahi kuwaangalia?" Nikamjibu nawaangalia sana mzee, ndo kazi niliyopewa. Akacheka. Akamvuta jike mmoja mweusi kwa kamba, akamkamata taya, akamfunua mdomo wa juu kwa kidole gumba, "haya nihesabie meno ya mbele ya juu." Nikainama. Hamna. Ufizi mtupu, mgumu, kama ngozi ya kisigino! Mimi na umri wangu huu nilikuwa sijui kwamba mbuzi juu mbele hana jino hata moja. Akafunua chini, manane, mawili ya katikati makubwa mapana na mengine sita pembeni madogo madogo. Akasema hayo mawili ndo ya ukubwani, hayo sita bado ya utoto, kwaiyo huyu ana mwaka na kitu, mwakani atabadili jozi nyingine, hivyo hivyo mpaka akifika kama miaka minne jozi zote nne zimebadilika. Na baada ya hapo? Baada ya hapo unakisia tu, akasema, maana yanaanza kusagika, yanaachana, yanang'oka, "kama haya", akafungua mdomo wake mwenyewe akanionyesha.

Jamani nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika uzio.

Ndo nikakaa chini kwenye majani makavu, kizibao na kila kitu. Nikaanza kuangalia sasa. Jicho la mbuzi mboni yake imelala, mstari kabisa kama tundu la kutumbukizia sadaka, na mzee akanieleza kwamba kwa jicho lile anaona pembeni kote karibu mpaka mgongoni bila kugeuza shingo, mnyama wa kuwindwa lazima ajue nani anakuja. Nikaangalia wanavyocheua. Kumbe ukitulia unaliona donge linavyopanda shingoni, linafika mdomoni, taya linaanza kwenda upande, anatafuna weee, anameza, kimya kidogo kama anafikiria jambo, halafu donge lingine linapanda. Nilikaa pale dakika ishirini au zaidi, sijashika simu. Mzee akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake tukapokezana, ilikuwa imeshapoa, na sikumbuki lini mara ya mwisho nimekunywa chai nikasikia kabisa kwamba nakunywa chai.

Na pale pale, wapendwa, likanijia neno la Luka 15, na wala sio mwana mpotevu maana huyo tumemhubiri mpaka amechoka, ni kaka yake.

Angalieni mstari wa 25. Huyu kaka alikuwa shamba. Mtu wa kazi, mtu wa zamu, hakosi. Anakaribia nyumbani anasikia muziki na kucheza, na anachofanya hakiingii akilini, anamwita mtumishi nje kumuuliza kuna nini. Nyumbani kwao! Furaha iko nyumbani kwa baba yake na yeye anaomba maelezo kwa mtumishi, mguu ndani haweki. Halafu sikia malalamiko yake kwa baba, miaka mingapi hii nakutumikia na hata mwana-mbuzi hujanipa nifurahi na rafiki zangu. Mwana-mbuzi. Nimesoma hiyo habari tangu Sunday school na sijawahi kusimama kwenye huyo mbuzi mpaka nilipokuwa nimekaa katikati ya mbuzi.

Sasa rudini mstari wa 12. Mdogo alipoomba urithi, Biblia inasema baba akawagawia vitu vyake. AKAWAgawia, wote wawili. Yaani huyu kaka siku anayolia habari ya mwana-mbuzi, mbuzi ni wake tayari kwa miaka! Anawalisha yeye, anawanywesha yeye, jioni anawafungia yeye, na hakuna aliyemkataza kumchinja mmoja akaita rafiki zake wakae kivulini. Ndo maana baba anamjibu kwa upole vile, mwanangu, vyote nilivyo navyo ni vyako. Tatizo lake halikuwa uchoyo wa baba. Alishaamua kwamba nyumba ile ni ya kufanyia kazi, furaha itakuja siku atakapoitwa rasmi na kukabidhiwa, na kwa kuwa hakuitwa akajaza uchungu, akatunza hesabu, na siku ya karamu hesabu ikamtoka mdomoni yote.

Huyo ni mimi. Na niruhusuni niseme jambo la nyumbani kwangu maana hapa ndipo Bwana aliponishika. Nimetumika kanisani miaka, usafi, viti, wageni, jikoni wakati wa semina. Miezi kama miwili imepita nilirudi Jumapili jioni, niko chumbani navua viatu, nikamsikia binti yangu mkubwa anamwambia mdogo wake kwa kunong'ona, "usimsumbue mama, katoka kutumika." Alivyolisema utafikiri mama katoka vitani, au kaja na ugonjwa. Nikajifanya sijasikia. Nikaomba kidogo nikalala. Lakini lile neno halikuondoka, na nikiwa kwenye banda la mbuzi nikalielewa, kwamba watoto wangu wamejifunza kutoka kwangu, bila mimi kufungua mdomo, kuwa ukimtumikia Mungu unarudi nyumbani umekunja uso.

Tusomeni Kumbukumbu la Torati 28:47 polepole tafadhali. Ile sura tunaipenda kwa juu, kichwa na wala si mkia, tunapiga vigelegele, tukifika katikati tunageuza ukurasa. Lakini pale Musa anawaambia Israeli mabaya yatawafika kwa kuwa hawakumtumikia Bwana Mungu wao kwa furaha na moyo wa kushukuru, na vitu vyote wanavyo kwa wingi. Hajasema hawakumtumikia. Furaha ndo ilikosekana!

Kwaiyo wewe dada unayepika kanisani huku unapiga sufuria ili tujue umechoka, nakusema wewe, na mimi nimo. Wewe kaka wa vyombo ambaye mtu akigusa waya mmoja ibada nzima umevimba. Wewe mzee wa kanisa ambaye tangu wamchague mwingine kusoma matangazo umehamia kiti cha nyuma. Nani alikukataza kufurahi? Lini Bwana alikwambia kwanza upewe cheo ndo upumzike, ndo ucheke, ndo ule chakula kikiwa cha moto? Kuna mtu hapa ana mwaka hajaangalia mvua inavyonyesha, anakimbilia kuanua nguo tu. Kuna mtu mtoto wake anamwita "mama ona, ona", na yeye anajibu "naona" macho yako kwenye simu, tena anajibu meseji za maombi. Nakupenda ndo maana nakwambia, na nakwambia nikiwa nimechafuka na samadi ya jambo hilo hilo.

Najua wengine watasema dada unatufundisha starehe, dunia inapita hii. Ni kweli inapita. Lakini Paulo huyo huyo aliyefungwa na kupigwa anamwandikia Timotheo, barua ya kwanza 6:17, kwamba Mungu anatupa vitu vyote kwa wingi tuvitumie kwa furaha. Mimi sina cha kuongeza hapo.

Nilikuwa nimejiandalia mengine mawili. Moja ni Kumbukumbu 16, sikukuu ya vibanda, watu wameshakusanya mavuno na Mungu anawaamuru siku saba za kufurahi, na orodha ya waalikwa anaitaja mwenyewe, mpaka watumwa, wageni, yatima na wajane. Kufurahi kwa amri, fikirini. La pili ni Yohana 21, Yesu kafufuka, ameshinda mauti, na wanafunzi wanamkuta ufukweni na moto wa makaa na samaki juu yake, anawaambia njoni mfungue kinywa. Someni wenyewe, nimeshaandika sana.

Siku ya tatu nilirudi banda lile lile. Walitaka kunihamishia mapokezi, kuna mtu alishindwa kuja, nikawaambia naomba mniache na mbuzi, wakanishangaa. Siwezi kusema nilikuwa malaika siku nzima, saa tano tu mtoto mmoja alimwaga ndoo yote kwenye viatu vyangu na nikasikia kale kamoyo ka zamani kanaamka. Lakini kila kundi la watoto lililopita nililiita, nikamshika yule mweusi taya kama nilivyofundishwa, nikawauliza haya nihesabieni meno ya juu. Mzee amekaa kwenye ndoo yake anajifanya hatusikilizi.

Jioni nikaingia nyumbani nanuka beberu. Binti yangu akanitazama usoni kwanza, kama anavyofanyaga, kupima hali ya hewa. Nikamwambia njoo nikwambie kitu, mbuzi juu hana meno. Akasema muongo. Nikawasimulia wote, jozi ya kwanza, jozi ya pili, mpaka na mdomo wa mzee. Sijamaliza, kameshamkamata mdogo wake kidevu, kamemfunua mdomo, kanachungulia kama jaji wa maonyesho, "Mama, huyu hajabadili hata jozi moja, huyu bado hauzwi!"