Swali la Kumi

Juzi binti yangu anayesomea uuguzi alikuwa akikariri kwa sauti maswali 10 ya kipimo cha Edinburgh, kile cha tangu 1987 cha kutambua sonona kwa mama aliyejifungua. Alipofika la mwisho akainua kichwa: "Mama, hili unaliulizaje bila kumtisha mtu?" Sikumjibu. Nilikuwa nimeshamkumbuka mama yule wa ghorofani.

Mimi nilimjua kwa kadi ya kliniki: uzito wa mtoto haukupanda miezi 2 mfululizo. Afisa ustawi wa jamii alimjua kwa kodi iliyomshinda baada ya mume kuondoka. Mwalimu wa chekechea alimjua kwa mtoto wake mkubwa, aliyesinzia darasani kila asubuhi. Kila mtu na faili lake. Tulikutana kwenye semina ya mambo mengine kabisa, mwalimu akagusia habari za mtoto anayesinzia, ndipo tukatazamana.

Mama mwenyewe aliporidhia, tukaenda, mimi na afisa ustawi. Mwenzangu akampakata mtoto, nami nikaketi sakafuni karibu na mama. Maswali 9 aliyajibu upesi upesi. La 10, kama katika siku 7 zilizopita amewaza kujidhuru, akanyamaza. Vidole vyake vikawa vinakunja pindo la shuka la mtoto, vinakunjua, vinakunja tena. Mtoto alikuwa akinyonya ngumi yake, na chumba kizima kilikuwa na sauti hiyo tu. Maneno yalinifika mdomoni, nikayameza.

"Mengine yote wameniuliza wengi," akasema hatimaye. "Hili hajaniuliza mtu, dada." Kisha: "Ndiyo. Mara nyingi."

Jibu la namna hiyo halisubiri jumla ya alama. Siku ile ile alionwa na daktari. Jirani alikubali kulala naye, mwalimu akawa anampitia mkubwa asubuhi, mtoto nikawa nampimia uzito nyumbani. Kila Ijumaa tulipigiana simu sisi watatu, ili asilazimike kusimulia upya msiba wake kwa kila anayebisha hodi. Mtoto akaanza kuongezeka. Baadaye wakahama.

Nilimwambia binti yangu: ukishauliza, kaa chini, kimya kile ni cha mama, usimjazie. Akaandika. Kisha akauliza, "Na kama mwalimu asingekuja kwenye semina?"

Usiku wa pili huu nalala na swali hilo.