Redio ya mkahawani ina wenyewe

Kila wanapoanza kuzunguka Kibokoni, hapa Mombasa, watu wanaodai ada ya leseni ya muziki tunaowachezea wateja, barazani kwa mkahawa wangu hakukaliki. "Redio umeinunua kwa pesa zako, stesheni ni ya bure, walipa nini tena?" huniuliza wateja. Kahawa yenyewe hupoa kwa mabishano.

Mimi nalipa. Ami yangu alipiga fidla kwenye taarabu za harusi hapa mjini, na najua wimbo mmoja hubeba watu wangapi. Kuna aliyetunga shairi na sauti, kuna walioimba na kupiga, kuna aliyetoa pesa ukarekodiwa. Ndiyo maana tumezoea vyama vitatu vya kuwakusanyia ada zao: MCSK ya watunzi, PRISK ya waimbaji na wapigaji, KAMP ya watayarishaji. Stesheni hulipia kurusha hewani. Mimi nalipia kuwachezea wateja wanaokula mahamri kwangu. Na ile leseni ya biashara ya kaunti haiingii hapa kabisa, hata uitundike ukutani kwa fremu ya dhahabu.

Kinachonichosha ni kutojua nimlipe nani. Chama hakikusanyi ada kwa kupenda kwake. Lazima kiwe na leseni ya bodi ya hakimiliki, KECOBO, nayo hiyo huisha na huweza kunyimwa. Mwaka 2017 MCSK ilinyimwa, ikapewa chama kingine, MPAKE. Sasa mwenye kibanda cha viazi karai atayajulia wapi hayo? Kwa hivyo mtu wa faili akija, kabla sijamvutia kiti, namuuliza: mwaka huu nyinyi mna leseni? Kiwango hiki kimechapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali? Mmoja aliwahi kuniambia nimpe "ya chai" tu aende zake. Nilipotoa kalamu ninakili nambari ya kitambulisho chake, ghafla akakumbuka ana miadi Nyali. Pesa mkononi sitoi, wallahi. Nalipa kwa njia yenye risiti, na risiti naiweka.

Mzee mmoja wa barazani amenishauri nicheze kaswida tupu, eti hizo hazina leseni. Mzee wangu, kaswida nayo ina mtunzi, na haki yake haifi naye: huendelea miaka 50 baada yake, warithi wakila. Rekodi nayo ina mwenyewe. Hajaridhika. Ameniahidi kuniletea mtu "anayejua sheria", nami nimemwambia aje, kahawa juu yangu, ila aje na kitambulisho.