Siku Baba alipobaki kwenye treni pale Quincy

Baba alikaa nami Chicago wiki sita, na mbili za mwanzo alizimaliza dirishani. Tulikuwa tukiishi Albany Park, orofa ya tatu, na dirisha la sebule linatazama uani, penye mapipa ya taka na mti mmoja uliokuwa ukipukutisha majani. Nikirudi kazini alfajiri namkuta hapo. Nikiamka mchana namkuta hapo hapo, chai imepoa mkononi. Mama alikuwa ametutoka mwezi wa tano. Ndugu zangu walioko Voi ndio walionipigia simu wakasema, mchukue mzee akapunge hewa, huku nyumbani hali, hasemi, hatoki. Nikahangaikia viza, nikatuma tiketi, akaja na kofia yake ya sufu ya rangi ya kahawia na begi dogo ambalo halikujaa. Niliona nimefanya la maana. Baada ya wiki mbili nilianza kuogopa kwamba nimemtoa tu kwenye ukimya wa nyumbani nikamleta kwenye ukimya wa ugenini.

Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba 2014 nilimwambia, "Baba, vaa koti tutoke." Kesho yake ilikuwa siku ya marathoni, ile ambayo Eliud Kipchoge alishinda, na mjini kulikuwa na Wakenya wengi. Nikafikiri akisikia Kiswahili barabarani atachangamka. Nikampeleka kwanza kuona jengo la Willis, ambalo watu bado wanaliita Sears, mita 442 kutoka chini hadi paani. Alilitazama kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi asiyoijua. Akasema, "Refu." Basi. Upepo ulikuwa mkali, nikamwambia turudi nyumbani.

Kituo cha karibu ni Quincy, hatua chache tu kutoka hapo, juu ya barabara ya Wells. Kwa asiyefika Chicago niseme kwamba katikati ya mji treni nyingi hazipiti chini ya ardhi. Zinapita juu ya barabara, kwenye daraja refu la chuma lililosimama kwa nguzo, magari yanapita chini yake, na daraja lenyewe linazunguka mtaa wa biashara pande zote nne. Mzunguko huo ndio wanaouita Loop, na mtaa mzima umechukua jina hilo. Mimi nilikuwa nafanya usafi wa usiku katika ofisi za jirani, na kwa miaka minne Quincy ilikuwa ngazi ninazopanda nikiwa na usingizi. Sikuwahi kuinua macho.

Baba aliinua. Tulipofika chini ya daraja alisimama katikati ya njia ya waendao kwa miguu, watu wakawa wanampita kulia na kushoto. Alikuwa anatazama nguzo. Aliisogelea, akavua glavu, akaweka kiganja juu ya zile ribiti, misumari minene inayoshikanisha vyuma, zilizojipanga safu safu, zimepakwa rangi juu ya rangi hadi zimekuwa na mgongo kama chawa wa nguo.

"Hizi zimepigwa kwa moto," akasema. "Mmoja anaipasha, mmoja anaidaka, mmoja anagonga. Hakuna iliyochomelewa hapa."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu nimpokee uwanja wa ndege.

Baba alikuwa mtu wa njia. Aliingia reli mwaka 1965, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutembea juu ya reli kutoka Voi kuelekea Tsavo, nyundo ya mpini mrefu begani, akigonga kabari zilizolegea kwenye mataruma ya chuma, yale yanayolaliwa na reli. Alitembea peke yake. Akimwona ndovu kwa mbali, anakaa chini anasubiri apite. Kwa hiyo alipouliza kituo hiki kimejengwa lini, hakuuliza kwa kunifurahisha. Nikasoma bango: 3 Oktoba 1897. Siku nane tu zilikuwa zimepita tangu kitimize miaka 117.

Akahesabu kimoyomoyo. "Sisi wakati huo reli haijafika hata Tsavo. Nairobi haipo. Ni kinamasi."

Tukapanda. Juu kuna nyumba ndogo ya kituo, na hapo ndipo nilipoona aibu kwa kupita miaka minne bila kutazama. Kuta zake ni mabati, lakini mabati yaliyokandamizwa yakatoka mapambo, mashada ya maua na nguzo za kuigiza, ukiwa mbali utadhani ni plasta ya jumba la mfalme. Sakafu ni mbao. Kuna kidirisha cha mkata tiketi chenye fremu ya mbao iliyong'arishwa, na taa zenye mwanga wa manjano, na matangazo ya biashara ya enzi hizo ukutani. Vituo vingine vya Loop vimebadilishwa sana au vimebomolewa, lakini hiki kilirejeshwa sura yake ya kwanza, na kazi hiyo ilikamilika mwaka 1988. Miaka ya sabini kulikuwa na mpango wa kuling'oa daraja lote watie treni ardhini, na mpango huo uliachwa mwaka 1979. Haya niliyasoma baadaye, kwa sababu Baba aliniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake, na sikupenda kumjibu "sijui" mara ya pili.

Jukwaani alitaka kuinama ukingoni aone mataruma. Nikamshika mkia wa koti. Pale kuna reli ya tatu, ya umeme, volti 600, haina mzaha.

"Nimeiona," akasema. "Mataruma ya mti. Ndiyo maana inaguna hivi." Akaketi kwenye benchi, akavua kofia, akaiweka pembeni yake. Akaweka mkono juu ya nguzo ya paa. "Inakuja."

Nilitazama upande wa kaskazini, sikuona kitu. Kisha taa zikatokeza kule Madison.

Kosa lilitokea hivi. Treni ya njia ya Brown ikasimama (njia za treni hapa huitwa kwa majina ya rangi), ndiyo inayotufikisha nyumbani, tukaingia. Nikageuka nikaona kofia imebaki kwenye benchi. Benchi lenyewe hatua nne. Nikatoka, nikainyakua, na nyuma yangu ile sauti ya milango ikalia na milango ikafunga. Nilimwona Baba kwenye kioo, amesimama, ameshika chuma cha juu. Hakupunga mkono. Alinitazama tu mpaka treni ikakata kona ya Van Buren na magurudumu yakapiga yowe.

Simu niliyompa ilikuwa nyumbani juu ya meza, kwenye chaji.

Hapo akili yangu ilikimbia mbio kuliko miguu. Nikajua treni ile inazunguka upande wa kusini, ipande Wabash upande wa mashariki, irudi na Lake upande wa kaskazini, ndipo ivuke mto kwenda kwetu. Upande wa pili wa kituo kuna treni zinazozunguka kinyume chake. Nikipata ya Orange nitafika kituo cha Clark na Lake kwa vituo viwili, wakati ya Baba ina vituo saba. Nitaiwahi. Nikashuka ngazi, nikapanda upande wa pili, Orange ikaja muda huo huo, nikaona Mungu yuko nami.

Clark na Lake nilifika mapema, nikavuka kule juu hadi jukwaa la pili, nikasimama nikihema na kofia mkononi. Brown ikaja. Nikakimbia kando yake behewa kwa behewa, nikichungulia. Wazungu, Wahindi, watoto wenye mabaluni, wakimbiaji wa marathoni na mifuko yao. Baba hayumo. Nikarudi mwanzo nikachungulia tena. Milango ikafunga, ikaenda.

Sijui kama nililia. Mama mmoja mhudumu wa kituo alinishika bega, akaniuliza amevaa nini. Nikasema koti jeusi. Amevaa kofia? Nikamwonyesha kofia. Akapiga simu kwenye vituo vya mbele, akanijibu kwa upole kwamba watamtazamia. Nilichokuwa nacho kichwani ni sauti ya kaka yangu mkubwa, sauti tu, ikiniuliza nimempeleka wapi mzee.

Nilishuka chini nikakimbia na Wells, chini ya daraja, kurudi Quincy. Sikuwa na sababu nzuri. Jua lilikuwa linapenya kati ya mataruma, linaangukia barabarani vipande vipande, na mimi nakimbia ndani ya michirizi hiyo. Lake, Randolph, Washington, Madison, Monroe, Adams. Makoti meusi kila mahali.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa kwenye nguzo ile ile, chini ya ngazi za kituo, kichwa wazi kwenye upepo, ameinama kidogo. Mkononi alikuwa na ufunguo wa nyumba niliomkatia. Anagonga ribiti moja, anasikiliza. Anahamia ya pili, anagonga, anasikiliza.

"Baba!"

Akainuka polepole. "Mama," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nimebeba jina la mamake. "Ulikwenda wapi? Nimekusubiri."

Alikuwa ameshuka kituo kilichofuata, LaSalle. Hakumuuliza mtu, ingawa Kiingereza cha reli anakijua. Aliteremka ngazi, akatazama juu, akaona daraja, akatembea chini yake. Ilipofika kona daraja likapinda, naye akapinda. Kituo cha mabati yenye maua kikatokea mbele yake. Kwa makadirio yangu, mimi nilipokuwa nakimbia kando ya mabehewa kule Clark, yeye alikuwa ameshafika zamani.

"Nimefuata njia," akasema, kama mtu anayetoa ripoti. Kisha akanionyesha ribiti. "Nguzo hii nimeizunguka yote. Hakuna inayolia vibaya. Waliojenga hapa walikuwa mafundi."

Nilimkumbatia, jambo ambalo kwetu sisi mtu halifanyi kwa babake barabarani. Alinivumilia. Halafu akaichukua kofia mkononi mwangu, akaikung'uta, akaivaa.

Tulipanda tena. Safari hii nilimshika mkono hadi tukaketi, upande wa kushoto, ili aone kona. Alizihesabu. Ya Van Buren, ya Wabash, ya Lake. Pale Lake na Wells, ambapo njia zinakatana na kuna kibanda cha waongozaji juu ya reli, treni yetu ilisimama kupisha nyingine, na Baba aliegemea kioo asikose kitu. Nikamweleza nilivyojaribu kuiwahi treni yake kwa kuzunguka kinyume. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hesabu yako ilikuwa sawa," akasema. "Ila hukujua kama nimeshuka."

Tukavuka mto. Majengo yakafupika, tukawa tunapita nyuma ya nyumba za watu, ngazi za mbao, nguo zimeanikwa, baiskeli. Nilidhani amerudi kwenye ukimya wake. Baada ya Belmont akaanza kusema, bila kunitazama, anatazama nje.

"Mamako alikuwa akiuza uji pale stesheni."

Hilo nililijua. Kila mtu Voi alilijua. Lakini nilinyamaza.

"Mimi nilikuwa nikirudi kutoka njiani kama saa nne hivi. Si kila siku saa nne. Siku nyingine tano, siku nyingine ndovu wamekaa relini, hata saa saba. Na kila nikifika, uji wangu uko kwenye kikombe, na umepoa vizuri. Wengine anawamiminia wa moto, wanaupuliza. Mimi, la. Nikawa najiuliza, huyu msichana anajuaje?"

Treni ilishuka chini pale Western ikaanza kwenda sambamba na barabara, kama inavyofanya kabla ya kufika kwetu. Kimball ni mwisho wa njia. Watu wote walishuka. Baba hakuinuka, nami sikumwinua. Dereva alitoka na begi lake, akapita dirishani kwetu, anahamia upande wa pili wa treni.

"Tulipooana ndipo nikamuuliza. Akaniambia, nasikia nyundo. Kule mbali, kabla ya daraja, ukigonga kabari sauti inakuja kwenye reli, na yeye amekaa karibu na reli. Akisikia nyundo, anamimina."

Akashika kofia yake, akaizungusha mkononi.

"Anamimina, anaweka kando. Nikifika, unanyweka."