Sefu ya silaha kwenye nyumba zetu za Tanga: chuma, bolti na huu unyevu wa bahari

Kama una silaha ya leseni nyumbani, iwe shotigani ya shamba kule Handeni au bastola ya kulindia duka, naomba tuongee kuhusu sefu maana naona wengi wanainunua kama wanavyonunua kabati la vyombo. Mtu anaingia dukani anaangalia mlango unavyong'aa, anabonyeza bonyeza vitufe, anaona taa ya kijani, anafurahi, analipa. Mie mtu akiniambia kanunua sefu swali langu la kwanza huwa umeifunga kwenye nini? Wengi wanajibu ipo ndani ya kabati la nguo au uvunguni, basi. Sasa hiyo mwizi ana haja gani ya kuifungua hapo hapo, si anaibeba tu anaenda nayo, huko aliko ana grenda na usiku mzima wa kuikata bila mtu kumsikia.

Na si wezi tu. Leseni ya silaha ni ya mtu mmoja, jina lako wewe, si ya mkeo wala kijana wako mkubwa hata awe na akili kiasi gani, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 jukumu la kuitunza imekupa wewe. Alafu fikiria nyumba zetu zilivyo. Wajukuu wanakuja likizo, kuna dada wa kazi, kuna mpangaji chumba cha uani, na siku ya msiba au shughuli vyumba vyote vinafunguliwa, watu wanalala hadi chumbani kwako na watoto wa watu usiowajua wanacheza humo humo. Bamkubwa wangu wa Makorora aliwahi kuniambia, "Mwanangu, hii tangu enzi hizo inakaa nyuma ya kabati na hakuna aliyewahi kuigusa." Nikamwambia, "Bamkubwa, aliyeigusa hawezi kukwambia." Akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza fundi gani mzuri.

Haya, tuje kwenye kuchagua. Kitu cha kwanza ni unene wa chuma, na hapa sefu za Marekani zinawachanganya watu kwa sababu wanapima kwa geji, na geji namba ikiwa ndogo ndo chuma kinakuwa kinene. Geji 14 ni kama milimita 1.9, geji 12 ni kama 2.7, geji 10 ni kama 3.4. Kwa hiyo muuzaji akikwambia hii ni 14 ile ni 10 usidhani ya 14 ndo ngumu. Pili angalia kibandiko ndani ya mlango. Ukikuta UL RSC, kipimo cha Marekani cha sefu za nyumbani, maana yake ilijaribiwa dhidi ya mtu mwenye zana za kawaida za mkono, na daraja lake la chini kabisa ni dakika tano za kushambuliwa, yani dakika tano, watu wanalipa hela nyingi hawajui hilo. Za Ulaya zinaandikwa EN 14450 zikiwa S1 au S2 (S2 ndo ngumu zaidi), na zile nzito zaidi EN 1143-1. Makabati ya bunduki ya Uingereza yana kiwango chao cha BS 7558. Ukikuta hakuna kibandiko chochote, ila picha ya ngao na neno la kusifia, hapo unanunua rangi.

Fundi wa kuchomelea wa hapa hapa mtaani anaweza kukutengenezea sanduku zuri tu kuliko vile visefu vyepesi vya dukani, ila usimwachie aamue peke yake. Mwambie unataka bamba la milimita 4, achomelee pembe zote mstari mzima na si kudonoadonoa, na uwazi kati ya mlango na fremu uwe mdogo kiasi kwamba ncha ya mtaimbo haiingii. Bawaba zikikaa nje si tatizo kama upande huo wa bawaba kuna kipande cha chuma kinachoingia ndani ya fremu mlango ukifungwa, maana hapo mtu hata akikata bawaba zote mlango hautoki. Hili nalisisitiza sana kwa sababu mafundi wengi wanaliruka. Na kabla ya rangi ya juu apige redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, ndani na nje, hata chini kusikoonekana, tena chini ndo zaidi.

Kitasa sasa. Cha ufunguo ni kizuri na kinadumu, shida yake ni ufunguo utakaa wapi, na jibu la "kwenye droo ya kitanda" si jibu, mtoto wa miaka saba anajua kila kilichomo kwenye droo ile. Cha vitufe umeme ukikatika hakina shida, kinatumia betri, weka alkalini nzuri, zile za bei ya chini zinavuja na maji yake yanakula waya, na zibadilishe kabla hazijaanza kulalamika. Namba iliyokuja kutoka kiwandani ibadilishe siku hiyo hiyo na usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Cha alama za vidole mie binafsi sikipendi kwa mtu anayeshika saruji au jembe, vidole vimesuguka, na kwa jasho la Februari hapa mjini unaweza kubonyeza mpaka ukate tamaa. Vile visefu vidogo vya bei poa huwa vina tundu la ufunguo wa dharura chini ya kifuniko cha plastiki, na vingine vinaachia kwa mtikisiko tu, hivyo wekea hati na dhahabu kidogo, silaha hapana.

Kufunga. Sefu nzuri ina matundu chini na mengine mgongoni, bolti zinapigwa kutoka ndani ili nati zisionekane mlango ukiwa umefungwa. Sehemu nzuri ni jamvi, yani zege la sakafu. Tumia bolti za kutanuka za milimita 10 au 12, ila kwanza ujue jamvi lako lina unene gani, kuna nyumba jamvi ni jembamba mpaka drili inatokea kwenye kifusi. Kama kuna taili anza na drili bila kugonga upite taili kwanza alafu ndo uwashe nyundo. Ukishatoboa toa vumbi lote tunduni, pulizia, sugua, pulizia tena, bolti iliyowekwa juu ya vumbi haishiki hata uikaze vipi. Ukutani ni kazi nyingine, matofali yetu mengi ni mchanga mwingi saruji kiduchu, ukivuta bolti inatoka na bonge lake. Kwa ukuta wa namna hiyo pitisha nondo ya nati, ile yenye meno ya kufungia nati, mpaka chumba cha pili uweke bamba upande wa huko, na huko kuwe ndani ya nyumba, si uchochoroni. Kwenye zile nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa usihangaike na ukuta kabisa, mwaga zege yenye nondo sakafuni uifunge hapo. Na iweke pembeni mwa chumba, upande unaofungukia mlango uwe karibu na ukuta, mwenye mtaimbo akose pa kujinyoosha.

Sasa kitu kinachoua silaha nyingi Tanga kuliko mwizi. Ukikaa Raskazone au Chumbageni unajua, masufuria yanaota madoa, bawaba za madirisha zinaliwa, na hata Ngamiani kote upepo wa bahari unafika. Ile chumvi ikikaa kwenye chuma inavuta maji kutoka hewani, chuma kinabaki na unyevunyevu hata siku unayoona jua kali. Sasa chukua bunduki uifungie ndani ya sanduku lisilopitisha hewa kipindi cha masika ukae miezi bila kufungua. Sefu zenye kinga ya moto huwa na bodi za jasi ndani, na jasi ina maji ndani yake, kwenye moto hayo maji yanageuka mvuke na ndo yanayosaidia, ila kwa siku za kawaida ndani ya sefu hiyo kunakuwa na unyevu zaidi.

Nunua kipima unyevu kidogo uweke ndani, lenga kwenye asilimia 50 hivi. Weka silika, zile chembe za kunyonya unyevu, ya kutosha, si kile kipakiti kimoja kilichokuja na viatu, na chukua ile inayobadilika rangi ili ujue imeshiba lini. Mchele usiweke, unaleta vumbi na wadudu na kazi yenyewe haufanyi. Chini ya sefu laza mpira mnene kabla ya kufunga bolti kwa sababu sakafu inapandisha maji, na acha nafasi kidogo na ukuta wa nje. Silaha usiihifadhi ndani ya mkoba wake wa ngozi wala begi la sponji, vyote vinashika unyevu na ngozi ina dawa zake zinazochochea kutu. Ukimaliza kuishika ifute, jasho la mkono lina chumvi pia, alafu paka mafuta membamba, ya cherehani yanafaa. Bawaba na vyuma vya kufungia vipake grisi kidogo, ila tundu la ufunguo usilijaze mafuta, yanakusanya vumbi, tia unga wa grafaiti.

Silaha iingie haina risasi, na risasi zikae kwenye kisanduku chake chenye kufuli lake na ufunguo wake.

Jambo la mwisho, watu hawapendi kuliongea lakini lipo. Ukifariki na sefu imefungwa familia itafanyaje? Nimeona wanaita fundi wa grenda mchana kweupe na majirani wamejaa. Mwambie mtu mmoja unayemwamini kwamba sefu ipo na ndani kuna nini, namba iwe kwenye bahasha iliyofungwa kwa wakili au kwa mtu asiyeishi nyumbani kwako, na wajue kwamba silaha haigawiwi na mirathi kama baiskeli, inapelekwa polisi mpaka atakayeirithi apate leseni yake. Nakala ya leseni na namba iliyogongwa kwenye silaha viweke nje ya sefu, maana ikiibiwa ndo utakavyoulizwa polisi siku hiyo hiyo unapoenda kuripoti.