Kima, soksi ya mchele na picha yangu ya utulivu City Park

Jamaa mmoja mwenye studio aliniambia picha ya utulivu inataka lenzi ndefu, jua kali, na pasionekane mtu hata mmoja. Nilimwamini kwa sababu alivaa koti lenye mifuko mingi. Nikaazima kamera ya binamu yangu, nikakodi lenzi kwa elfu mbili na kitu, na Jumamosi moja ya Januari, saa saba mchana, nikaingia City Park pale Parklands, Nairobi.

Saa hizo jua likipenya miti mikubwa humwaga viraka vyeupe juu ya giza. Kila picha ilitoka na madoadoa kama manyoya ya kanga. Nikaketi kwenye benchi kujifariji na njugu za ishirini nilizobeba mkobani. Sasa, kima wa City Park wamezoea kulishwa; karatasi ikichakarika wanajua wameitwa. Mmoja alishuka taratibu, akanitazama usoni kama mwenye nyumba anayedai kodi, akatia mkono mkobani. Nikavuta, naye akavuta. Njugu zikaenda, na kifuniko cha lenzi kikaenda nazo. Alipanda nacho mtini, akakiuma, akakigeuza, akakiuma upande wa pili, na aliporidhika kwamba hakiliki akakitupa kichakani. Watoto waliokuwa hapo walicheka hadi wakakaa chini. Kifuniko nilikilipa mimi. Picha ya tukio hilo? Mikono ilikuwa na shughuli.

Nilirudi Julai na simu tu, bila chakula chochote. Yale mawingu ambayo Nairobi nzima huyalalamikia huutandaza mwanga sawasawa; chini ya miti kijani kinatulia, madoadoa hakuna. Badala ya stendi nilibeba soksi iliyojaa mchele. Unailaza juu ya jiwe au ukuta, unaisimamisha simu juu yake, haitikisiki. Soksi iwe safi, maana mchele ule niliupika baadaye.

Nilianzia kwenye bustani ya kumbukumbu ya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966, aliyezikwa karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, yule mwanasiasa aliyeuawa 1965. Nilizikwepa sura za watu kama nilivyofunzwa. Nilipozitazama picha zile niliona ukimya wa msibani. Nikafuta karibu zote.

Mbele kidogo mzee alikuwa amelala nyasini, gazeti usoni, viatu amevipanga kando kama yuko msikitini. Honi za matatu zilisikika toka Limuru Road, yeye wala. Kima akaja, akaketi kando ya viatu, akavikagua kimoja kimoja, akaviacha. Nilipiga kama kumi na tano bila kupumua.

Nilingoja aamke, nikamwamkia, nikamwonyesha. Alicheka sana, kisha akaivuta skrini aone vizuri.

“Uso hauonekani, hapo sawa, binti yangu. Shida ni hivi viatu. Mama watoto ndiye alivinunua, na anajua niko kazini.”