Nilivyoingia kufundisha chuoni bila shahada ya uzamili

Kazi yangu ni kuziwekea kampuni za Kampala programu za uhasibu na stoo. Nilitaka sana kufundisha, ila chuo kikuu kimoja kilidai shahada ya uzamili. Nikamwendea mhadhiri mwenye somo: "Mwalimu, nipe vipindi vya vitendo tu; mitihani na alama zibaki kwako." Akakubali, mkuu wa idara akaidhinisha.

Leseni hatukununua, tulitumia ERPNext, ambayo ni programu huria ya uhasibu na stoo. Wanafunzi waliingiza mifuko ya saruji stoo, wakauza, wakatoa ankara yenye VAT ya asilimia 18, kisha nikawaeleza ankara hiyo inavyopaswa kupitia EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Uganda. Hapo ndipo vitabu vingi huwaacha njiani! Ukitaka kuanza, mtafute mwenye somo kabla ya ofisi ya ajira, ukiwa na zoezi lililokamilika mkononi.