Noti za marehemu njia panda

Leo ni Qingming, siku ambayo Wachina husafisha makaburi ya wazee wao.

Jioni natoka dukani hapa Shenyang, namkuta mama mmoja kachuchumaa njia panda. Kachora duara kwa chaki, kaacha upenyo upande mmoja, anachoma humo noti za karatasi za kuwatumia marehemu wake. (Manispaa nyingi siku hizi hazitaki moto barabarani. Nani anasikiliza?)

Noti chache akazitupa NJE ya duara, akazichoma huko.

Hizo ni za mizuka isiyo na kwao, wafu wasio na mtoto wa kuwakumbuka. Wasipopewa, watapora za wenzao.

Arthur Wolf, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Taiwan, aliandika mwaka 1974 kwamba miungu huchukuliwa kama maofisa wa serikali, mababu kama ndugu, na mizuka kama watu baki na ombaomba. Kumbe hata ahera kuna wenye kwao na wasio na kwao!

Na Afrika imo kwenye tafiti hizi za Wachina. Maurice Freedman, mwanaanthropolojia mwingine, alipochambua koo za kusini mashariki mwa China mwaka 1958, aliegemea tafiti za koo za kwetu, kama za Wanuer wa Sudan Kusini. Nimefurahi, ila kipimo hicho kinabana: Wanuer hawakuwa na dola, koo za Kichina ziliishi chini ya dola yenye kodi na maofisa, zikiwa na mashamba ya pamoja na vitabu vya nasaba.

Haya, kwenu vipi? Kwenye tambiko au hitma, marehemu asiye na ndugu hukumbukwa? Nisimulieni hapo chini.